Mdomo wa Shwari

Isingiro, Kyerwa
11 Februari 2024

Kaka Yusto,

Shikamoo. Wifi Sperancia naye mpe salamu zangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu haina faida kati yetu. Wewe masikio yalikwenda na zile sindano za kifua kikuu, na herufi za kwenye kioo unasema zinakuchoma macho. Mimi huku shambani mtandao naupata nikipanda kilima cha malisho, na siku hizi jua likianza kushuka sina miguu ya kupanda chochote. Dereva wa lori la ndizi amekubali kuiacha barua hii dukani pale Ihembe.

Tu wazima, ila tumechoka. Majani ya juu yamekauka na ng'ombe wanayafuata mengine mpaka kwenye matope ya mtoni, kule pikipiki inakozama. Ndiyo maana tunamtegemea Shwari, na Shwari ndiye tatizo lenyewe.

Unakumbuka Bwana Winston, mwenye shamba, alipomleta huyu farasi kutoka Arusha ili Theoneste amtumie kuzungukia ng'ombe. Ulikuja ukakaa nasi ukamfundisha mume wangu kupanda. Uliniambia jikoni, "Joanitha, huyu shemeji yangu ana mkono mwepesi, utadhani anapepeta ulezi." Nilijivuna siku ile. Sasa njoo umwone. Farasi akiiona lijamu tu, kile chuma cha mdomoni, anarudi nyuma mpaka matako yanagonga ukuta wa banda. Akivikwa anarusha kichwa, mate yanatoka na damu. Mdomo umechubuka, unapona kidogo, unachubuka tena. Juzi alisimama kwa miguu ya nyuma, nusura amwangushe Theoneste juu ya uzio.

Bwana Winston ameambiwa, sijui na nani. Alipiga simu kutoka Mwanza akasema ameagiza lijamu kali, ya mikono mirefu na mnyororo wa kubana kidevu. Isipofaa hiyo atamuuza. Kisha akasema, "Msimamizi aliyeshindwa na farasi mmoja, ng'ombe wangu wote hawa atawaweza?" Nyumba tunayolala ni ya shamba, kaka. Unaelewa.

Wewe ulikaa na farasi ujana wako wote. Una vile vyuma vyako kwenye gunia. Nichagulie kimoja kilicho laini kwa mnyama mwepesi wa maumivu kama huyu. Theoneste sijamwambia kwamba nakuandikia. Amekuwa mkali, na haongei. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Mdogo wako,
Joanitha


Ihembe, Karagwe
18 Februari 2024

Mdogo wangu Joanitha,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na utomvu wa ndizi, nimeisoma hivyo hivyo.

Huku mnyauko umeingia shambani. Nakata migomba niliyopanda na baba yetu, nafukia, nakata mingine. Sperancia ananisaidia kuburuta. Tukimaliza kutwa tunakaa kizingitini, hakuna anayetaka kuinuka kuwasha moto. Kwa hiyo barua yako imenipa kazi ya kukaa, nashukuru.

Nimemwaga gunia sakafuni. Sikiliza. Farasi ana pengo kati ya meno ya mbele na ya nyuma, na chuma kinakaa humo, juu ya ulimi na ufizi mtupu. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Watu wanadhani chuma chembamba ndicho laini kwa kuwa ni chepesi. Chembamba kinakata. Wengine wanatafuta kinene kabisa, na kwa mdomo mdogo kama wa Shwari kinene kinamjaza, hapati pa kuweka ulimi. Kile chenye kiungo kimoja katikati ukivuta kinakunjika kama koleo na ncha inamchoma kaakaa. Nadhani ndicho mnachotumia.

Nakutumia chenye viungo viwili, na katikati kipande kama punje ya haragwe. Kinalala juu ya ulimi bila kukunjika. Pitisha kidole kote kabla ya kukitumia. Ukikuta mkwaruzo hata mdogo, nirudishie. Asubuhi za ukungu kipasheni kwapani kwanza, hakuna anayependa chuma baridi mdomoni. Kamba za mashavuni msizikaze. Na muombe yule bwana mifugo wa kata amtazame meno, huenda kuna jino dogo linalogongana na chuma.

Huo mnyororo wa Bwana Winston ukifika, utundike ukutani.

Sasa nijibu jambo moja. Umesema mdomo umechubuka. Upande gani?

Kaka yako,
Yusto


Isingiro, Kyerwa
3 Machi 2024

Shemeji Yusto,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Tafadhali Joanitha asijue kwamba nimekuandikia.

Chuma ulichotuma kimefika na nimekitumia. Ni kizuri kwa kukitazama. Bwana mifugo alikuja, akasema meno hayana shida. Lakini shemeji, na usikasirike, chuma hiki hakinifai. Farasi hanisikii. Nikivuta ni kama navuta maji. Navuta tena, mara anarusha kichwa na kupiga mateke, ananiaibisha mbele ya wachungaji. Wananiita fundi wa kuvunja midomo.

Nilikuwa naomba unitafutie kilicho kigumu zaidi, kitu ambacho hata mimi nitakisikia mkononi. Na hatamu nene kuliko hizi. Hizi za ngozi zinanitoka bila mimi kujua. Bwana Winston anakuja kabla ya Pasaka na sitaki anikute nahangaika.

Wewe ulinifundisha kwa upole, na mimi sikuwa mtu wa kupiga mnyama. Nimechoka tu.

Wako,
Theoneste Nshimiyimana


Ihembe, Karagwe
9 Machi 2024

Shemeji Theoneste,

Marahaba. Sijakasirika.

Kigumu sikutumii. Farasi anayerusha kichwa anakimbia maumivu, na ukimwongezea atakimbilia mahali ambapo hutamfuata. Nakutumia kingine, kimenyooka, hakina kiungo hata kimoja, kimevikwa mpira. Nilikitumia Arusha kwa farasi mmoja aliyekuwa anatetemeka hata nzi akimtulia. Hatamu nimezifunga vifundo, kimoja baada ya kingine, zisikuteleze.

Nakuuliza kama kaka, si kama mwalimu. Unasema zinakutoka bila wewe kujua. Zinatoka mkono gani? Joanitha hajui kwamba tumeandikiana.

Yusto


Isingiro, Kyerwa
24 Machi 2024

Kaka Yusto,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nangoja niwe na jambo jema la kuandika, na halikuja.

Uliuliza upande. Ni wa kushoto. Kwa chuma cha zamani ilikuwa kushoto, kwa kile chenye punje ni kushoto, na sasa kwa hiki cha mpira, ambacho nilishangaa kukiona maana mimi sikukiomba, ni kushoto tena. Kulia ngozi ni nzima kama ya mwanasesere. Nimetazama chuma chenyewe upande ule, nimekilamba hata kwa ulimi wangu, hakina kitu.

Bwana Winston alikuja. Theoneste alimpanda Shwari mbele yake, akaenda vizuri mpaka kwenye kona ya josho. Pale alitakiwa kugeuka. Nilimwona Theoneste akivuta mpaka bega limepanda sikioni, na farasi kashageuka zamani, kichwa kimefika gotini kwa mpandaji, na mume wangu bado anavuta! Shwari akaanguka kwa ubavu. Hawakuumia, Mungu mkubwa. Bwana Winston alitoa mnyororo wake kwenye gari, akauweka juu ya meza yetu ya chakula, akaondoka.

Sasa nikuandikie lile la siku nyingine.

Theoneste si yule. Anadondosha vikombe. Aliinua birika la chai kwa mkono mtupu, ngozi ikalia, naye anaendelea kuongea na Gloriose wetu habari za shule. Nikapiga kelele ndipo akaliweka chini, akacheka, akasema mikono ya mchungaji ni migumu. Nikadhani ni gongo. Nimemnusa kaka, kama mbwa, sikupata harufu. Analala na shati la mikono mirefu hata joto likiwa kali. Nikimgusa mgongo anasogea ukutani. Na kila gulio anakwenda Nkwenda, anarudi hana alichonunua. Nimeolewa muda wa kutosha kujua mwanamume anayekwenda mahali na kurudi mikono mitupu ameacha nini huko.

Namwona anavyomvuta yule mnyama upande mmoja bila huruma, nawaza, hasira hizi ni zangu, anazitoa kwa farasi. Kama ananichukia aniambie. Shwari hana kosa.

Nimechoka kuosha damu kwenye chuma.

Joanitha


Ihembe, Karagwe
28 Machi 2024

Mdogo wangu,

Leo sikukata migomba. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, nikampa Sperancia naye asome.

Nitavunja neno la mtu, na nikikutana naye nitamwomba radhi. Mumeo aliniandikia kwa siri. Hakuandika habari za mwanamke. Aliomba chuma ambacho yeye atakisikia mkononi. Alisema hatamu zinamtoka bila kujua. Nilimuuliza ni mkono gani na mpaka leo hajanijibu.

Vyuma vitatu, kidonda mahali pamoja. Tuache kutafuta chuma. Mtu mwenye hasira huvuta pande zote mbili, Joanitha. Nimeona wenye hasira wengi. Anayevuta upande mmoja mpaka farasi aanguke, huyo hajui kwamba anavuta.

Shwari anasikia kila kitu. Nadhani mkono wa kushoto wa Theoneste hausikii.

Usimkabili kwa maneno. Tafuta saa ya mchana mkiwa peke yenu. Mwambie afumbe macho, umguse vidole kwa kitu chepesi, bua la nyasi linatosha. Aseme kila anapoguswa. Usimsaidie. Kisha mwombe avue shati.

Chochote utakachokiona, usirudi nyuma hata hatua moja. Atakuwa anaitazama miguu yako.

Yusto


Isingiro, Kyerwa
4 Aprili 2024

Kaka Yusto,

Shikamoo. Mwandiko utausamehe.

Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ng'ombe walibaki zizini, watoto walikuwa kwa jirani, na Theoneste alikuwa bandani anapaka hatamu mafuta. Nilikaa kwenye mzigo wa majani mbele yake.

Nikamwambia, "Baba Gloriose, weka hiyo ngozi chini. Nipe mikono yako."

"Una nini wewe?"

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nilidhani atakataa. Alinitazama, akatazama mlango, akafumba. Nilianza na mkono wa kulia. Kila nilipopitisha bua alisema, "Hapo. Hapo." Alicheka hata, maana nyasi inatekenya, na mimi nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu sijui lini. Nikahamia wa kushoto. Kidole gumba, "Hapo." Cha shahada, "Hapo." Nikapita cha kati, cha pete, kidole kidogo, nikashuka ukingo wa kiganja. Kimya. Nikaacha bua, nikabonyeza kwa kucha. Alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Akafumbua macho, akaiona kucha yangu imezama katika nyama ya mkono wake.

Sikumwomba avue shati. Alilivua mwenyewe. Mgongoni na kwenye bega kuna mabaka yaliyofifia, kama udongo mahali palipomwagwa maji yakakauka. Sikurudi nyuma. Nilikuwa nimekaa, namshukuru Mungu nilikuwa nimekaa.

"Tangu lini?"

"Nilidhani ni choa."

"Halafu?"

"Halafu nikaacha kudhani."

Akalitaja jina la ugonjwa. Kwa lugha ya kwao wanauita ibibembe, kwetu ebibembe, yaani ukoma. Ugonjwa huu haukuhitaji mkalimani. Akanisimulia kwamba mama yake, marehemu Nyirabageni, alikuwa na shangazi aliyejengewa kibanda ng'ambo ya kijito, akawekewa chakula juu ya jiwe, na watoto walifundishwa kupiga kelele wakimwona anakuja kuchukua. Mama yake alikuwa mmoja wa hao watoto. Theoneste amelala na hadithi hiyo mwaka mzima, pembeni yangu, akiwa ndani ya shati.

Yule mwanamke wa Nkwenda niliyemtukana moyoni ni bibi mmoja anayeuza majani ya kuchemsha.

Sasa anataka niwachukue watoto nije nao kwako Ihembe, yeye abaki mpaka Bwana Winston apate msimamizi mwingine, kisha apotee. Ndivyo alivyosema, "nipotee", kama ndama. Nimemwambia siendi. Lakini nikuambie ukweli maana huna masikio ya kunisikia nikilia. Kesho yake asubuhi nilimmiminia chai, na nilipotaka kumpa nikasita na kikombe mkononi. Kidogo tu. Aliona.

Nifanye nini?

Joanitha


Ihembe, Karagwe
6 Aprili 2024

Joanitha na Theoneste, barua hii ni yenu wote wawili,

Ukoma una dawa. Inatolewa bure na inaponya. Mtu akianza kuimeza, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Nilipokuwa nimelazwa kwa ajili ya kifua changu, kwenye kitanda cha jirani alikuwa mwalimu mwenye ugonjwa huo. Leo anafundisha na ana wajukuu.

Theoneste, hakuna kupotea. Nilipougua kifua, kanisani watu walihama benchi. Walirudi. Wengine hawakurudi, na benchi likawa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Joanitha, ulisita. Mpe tena kesho.

Lori la ndizi linapita kwenu Jumanne. Pandeni wote, na watoto pia, maana nao lazima watazamwe. Sperancia ametandika. Kutoka hapa tutakwenda hospitali pamoja, nitakaa nje nikiwangoja. Ndani sitawafaa, sisikii majina yanayoitwa.

Shwari avuliwe kila chuma mpaka kidonda kifunge. Mchungaji akimhitaji, amfunge kamba laini juu ya pua, amwongoze kwa miguu.

Na lori lisipofika, pandeni pikipiki.

Yusto


Isingiro, Kyerwa
19 Mei 2024

Shemeji Yusto,

Shikamoo, na asante kwa kitanda, na kwa kukaa juani nje ya ile hospitali mpaka tukatoka.

Nilikuahidi kukuandikia mwenyewe. Dawa nameza. Mkojo unatoka mwekundu kama maji ya kutu. Siku ya kwanza nilidhani nakufa, kumbe nesi alikuwa ameniambia na sikusikia kwa hofu. Ngozi inaanza kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Gloriose na mdogo wake ni safi, na Joanitha ni safi. Waliposema hivyo nilikwenda nyuma ya choo cha hospitali nikalia huko.

Yule nesi, Kokwijuka, aliniambia, "Umechelewa, lakini si sana." Kuhusu mkono hakunidanganya. Mshipa wa kiwiko umevimba. Wamenipa vidonge vya kuutuliza. Huenda hisia zikarudi kidogo, huenda zisirudi. Vidole viwili vimeanza kujikunja na kila asubuhi navinyoosha juu ya goti kwa mafuta.

Uliniuliza ni mkono gani, nikanyamaza. Nilikuwa nikivuta mpaka nisikie, shemeji. Na sikusikia mpaka bega liume. Yule mnyama alikuwa ananiambia kila siku kwa damu, mimi nikaomba chuma kigumu. Namtazama mdomoni siku hizi na sijui pa kuweka uso.

Bwana Winston tulimpigia kutoka kilimani. Joanitha ndiye aliyeongea. Bwana akauliza, "Ng'ombe wanaambukizwa?" Joanitha akajibu, "Hapana, bwana. Wala farasi, wala wewe kwa simu." Nilidhani tumekwisha. Akasema tubaki, kwa kuwa nawajua ng'ombe, na wachungaji nao wananijua. Lakini farasi lazima afanye kazi. Nisipoweza kumpanda, amuuze. Anatutazama mpaka Krismasi.

Wachungaji wawili wameondoka, hawakuaga. Mmoja amebaki, analeta maziwa mpaka mlangoni na kuingia.

Farasi simpandi tena. Nimekubali. Ila kuna jambo Joanitha anataka kukuomba, nami nimemwambia aombe mwenyewe.

Wako,
Theoneste


Isingiro, Kyerwa
11 Agosti 2024

Kaka Yusto,

Shikamoo. Asante kwa zile suruali za kupandia. Wifi ameshona vizuri, ingawa akina mama wa kanisani wameniuliza kama nimejiunga na mgambo.

Nilipokuomba ushauri kama naweza kumpanda Shwari mimi, ulinijibu kwa ufupi kuliko siku zote: "Jifunze. Anza na mikono." Basi nimejifunza. Theoneste ananifundisha kwa mdomo, amesimama katikati ya uwanja wa josho, na mimi juu ya Shwari nazunguka. Ananipigia kelele, "Vidole, mama Gloriose, vidole! Usikamate kama jembe!" Nimeanguka. Nimeanguka tena kwenye mavi, wachungaji wapya wakageuka wakatazama mawingu.

Kuhusu chuma. Kidonda kilipofunga, tulianza na kamba ya puani kama ulivyoagiza. Kisha tukampa aonje vyuma vyako kimoja kimoja, bila hatamu, amesimama tu bandani anakula. Kile cha mpira alikitafuna kwa hasira. Cha zamani alikitema. Chenye punje alikizungusha kwa ulimi, akatoa povu kidogo, jeupe, akashusha kichwa. Theoneste akasema, "Amechagua." Ndicho tunachotumia. Sasa mdomo una alama ya ngozi mpya, ya waridi, upande ule. Sivuti. Nikifunga kidole kidogo tu anageuka, na mara nyingine nadhani anageuka nikiwa bado nafikiri.

Kazi inafanyika. Sisemi ni rahisi. Naamka nimechoka, nakamua, nawapeleka watoto, natandika farasi, nashuka mtoni na ng'ombe, narudi nikiwa na mapaja yanayowaka moto, napika. Bwana Winston alipita mwezi uliopita. Alinitazama nikiwatoa ndama kwenye matope, akamwambia Theoneste, "Kumbe ni mpole," sijui alimaanisha nani. Kuhusu Krismasi hajasema kitu. Watu wa jumuiya bado hawali kwetu, ila juzi mama mmoja alikaa, akanywa chai mpaka mwisho.

Mkono haujarudi. Kidole cha kati kinasikia moto na baridi, basi. Nesi Kokwijuka amemfundisha jambo moja, kwamba macho yafanye kazi ya ngozi. Kila anachokishika lazima akitazame, asije akaungua au kujikata bila kujua. Kwa hiyo amekuwa mtu wa polepole. Anatazama kikombe, anatazama kisu, anatazama kipini cha jembe. Anapomvisha Shwari lijamu anatazama kidole chake kikiingia kwenye lile pengo la meno, na farasi anamfungulia mdomo, anamngoja.

Nami vilevile. Tukitoka kanisani akinishika mkono kwa ule wa kushoto, ananitazama, kwa kuwa asiponitazama hajui kama amenishika.

Mdogo wako,
Joanitha